Neno la Kumwachisha Sajini

Ruiru,
6 Septemba 1953

Dada yangu Ngendo,

Nakuamkia wewe na shemeji Philip, na mama yake kule Gatuanyaga. Naandika Kiswahili kama ulivyoniagiza, maana ile barua ya Kikuyu ya mwezi wa sita ilikaa posta ikifunguliwa na kufungwa mpaka ikakufikia imechakaa. Basi anayeisoma hii kabla yako namsalimu pia, na namwomba asikae nayo.

Huku tu wazima. Mvua imekataa lakini kahawa imeshika. Mzee Githinji, jirani yangu pale laini za wafanyakazi, amefiwa na mkewe, tukamzika Jumamosi. Na mimi kazi yangu imebadilika. Sikatii kahawa tena. Nimepewa mbwa.

Usicheke. Bwana Merrick, mwenye shamba, ameletewa mtoto wa mbwa kutoka Nanyuki, wa ile aina kubwa ya Rhodesia. Rangi yake ni ya udongo mkavu, na mgongoni ana mstari wa nywele zilizolala kinyume, kama mtu amemchana vibaya. Jina lake Sajini. Hajamaliza miezi mitano na tayari ana uzito wa mbuzi dume. Ametafuna viatu vya Memsaab, tandiko la farasi, mpira wa kumwagilia maua na mguu wa meza ya kulia. Akikuona anakuja mbio akurukie kifuani. Hajui kusalimu kwa njia nyingine. Wiki iliyopita alimrukia mpishi akiwa amebeba sufuria ya supu, na mpishi ameungua kutoka shingoni mpaka tumboni. Tulipomvua shati, ngozi ilikuja nalo.

Bwana alichukua kiboko akampiga yule mtoto wa mbwa mpaka akajikojolea na kulala chali. Akaendelea kumpiga akiwa chali vile vile. Mimi nilikuwa nimeshika kamba yake. Tangu siku hiyo ukiinua mkono, hata kama ni kujikuna kichwa, anakuonyesha meno.

Bwana ameniambia, "Mnyooshe kabla ya Krismasi. Akishindikana nitampiga risasi, na wewe urudi kwenu, rizavu ya Wakikuyu."

Mimi nilikuwa shule ya misheni wakati baba anafuga mbwa wa kulinda mbuzi. Wewe ndiye uliyekaa nao. Tumebaki wawili tu wa nyumba ile, kwa hivyo nakuuliza wewe: nifanye nini? Mikono yangu yote ina alama za meno.

Mimi mdogo wako,
Simeon Kang'ethe


Thika,
27 Septemba 1953

Simeon wa mama,

Barua yako imefika, na anayezifungua amekuwa na adabu mara hii, ameigundisha tena vizuri. Hapa kwa Bwana Himatlal kazi ni ile ile. Mama Sarla amejifungua mtoto wa kiume, nyumba imejaa wageni na mimi na sufuria hatuachani. Philip anafanya kazi dukani mbele, anapima kitambaa. Anakusalimu.

Mji umebadilika. Juzi asubuhi watu watatu walilazwa kando ya barabara wamekufa, tukaambiwa tupite polepole tuwaangalie. Mmoja alikuwa amevaa koti ambalo nilikuwa nalijua. Nikapita polepole.

Sasa mbwa wako. Simeon, huyo ni mtoto. Ana mwili wa mtu mzima na akili ya mtoto, na hana kazi. Mbwa wa baba walitembea na mbuzi kutwa nzima. Jioni wakianguka chini wanalala. Wako anafungiwa nyuma ya jiko akiangalia ukuta. Mtembeze mpaka mto na kurudi kabla jua halijapanda, na tena likishuka. Usianze kumfundisha lolote kabla hajachoka kidogo.

Akikurukia usimsukume kwa mikono, ataona ni mchezo. Mgeuzie mgongo, nyamaza kama mti. Miguu minne ikigusa chini, mwinamie umsalimu kwa sauti tamu. Akikuuma vidole, toa kilio kimoja, simama, mchezo umekwisha. Halafu mpe kitu chake mwenyewe cha kutafuna. Meno yanamwasha, atafanyaje?

Lakini angalia unachompa. Mfupa uliopikwa usimpe kabisa, unapasuka vipande vikali kama sindano. Kigunzi cha mahindi pia hapana. Kilimziba matumbo yule mbwa wa baba mwenye jicho moja, akafa amevimba. Kipande cha tairi kina waya ndani. Mpira mdogo unaomezeka utamkaba koo. Nimemwomba Opiyo, dereva wa lori la kahawa, akuletee furushi. Ndani mna kamba nene ya mkonge niliyoifunga mafundo, na mpira wa turubai nilioujaza makapi ya mkonge ndani, mkubwa kuliko mdomo wake. Ukianza kufumuka, mnyang'anye uushone kwanza.

Na hili ndilo kubwa. Mfundishe neno la kuachia. Vutana naye kwa kamba, kisha tulia kabisa, usivute tena, umwonyeshe kipande cha nyama na kusema "Acha." Akiachia, mpe nyama, halafu mrudishie kamba. Lazima aone kwamba kuachia si kupoteza. Baba alikuwa akisema neno lile mara moja tu, kwa sauti ya chini. Mbwa akiwa na neno hilo, kila mtu anaweza kulala.

Na yule anayempiga, jaribu kumweka mbali naye. Najua hutaweza.

Dada yako,
Ngendo


Ruiru,
3 Januari 1954

Dada Ngendo,

Salamu za mwaka mpya kwenu nyote. Nilipata chumvi na sabuni kwa mkono wa Opiyo, ahsante. Mpishi amepona, lakini shingo yake imejikunja upande mmoja. Hana kinyongo na Sajini. Anamtilia mafuta kwenye chakula.

Laiti ungekuja umwone. Anatembea pembeni yangu bila kuvuta kamba. Wageni wakija anakaa chini, mkia unapiga vumbi, anangoja waseme naye. Naficha vipande vya nyama ndani ya magunia makuukuu na kuyatupa kwenye miti ya kahawa, naye anayatafuta yote moja moja kwa pua mpaka achoke. Ile kamba ya kwanza imekwisha, nimesuka nyingine. Na neno lako amelishika. Nikisema "Acha," hata akiwa ananguruma na kamba imeingia mpaka magegoni, mdomo unafunguka, anakaa, ananiangalia usoni. Nimejaribu akiwa na sungura aliyemkamata mwenyewe. Aliachia. Sungura akakimbia, na Sajini akatetemeka mwili mzima, lakini alikaa.

Nilidhani nimemaliza kazi. Kumbe.

Wiki ya Krismasi shamba la jirani lilivamiwa na watu wa msituni. Ng'ombe walikatwa miguu ya nyuma, wakawa wanajaribu kusimama kwa ile ya mbele. Mpishi wa pale, mtu wa watu, alikatwa mlangoni. Tulipelekwa kusafisha. Kesho yake askari gadi wa serikali wakaja kwetu laini wakapiga kila mwanamume, mimi nikiwemo, wakachukua wawili ambao hawajarudi.

Bwana sasa hataki mbwa wa kukaa chini. Alimwona Sajini akimlamba mkono mgeni akatema mate. Amemleta mtu anayeitwa Absalom, aliyekuwa askari vitani Burma, kumfanya mkali. Nilimwambia Bwana kwamba mbwa mwenye utulivu ndiye analinda vizuri. Akaniuliza, "Analinda nani?"

Shemeji Philip mbona haandiki hata neno chini ya barua zako? Zamani alikuwa ananitania.

Simeon


Thika,
21 Februari 1954

Simeon,

Tunaendelea. Mtoto wa Mama Sarla ameota jino. Mafua yamenishika lakini nafanya kazi. Philip yuko.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nafikiri. Najua wanavyomfanya mbwa kuwa mkali. Wanamvisha mtu magunia, anamchokoza mbwa aliyefungwa, anampiga kwa mwanzi mpaka apandwe na wazimu, kisha wanamwachia aume. Mbwa anadhani amemshinda adui. Sasa sikiliza: mbwa hajui adui ni nani. Anajua gunia, mwanzi, mkono ulioinuliwa. Mtoto akiinua mkono kuchuma kahawa itakuwa nini? Mwambie huyo Absalom.

Usikubali kuvaa magunia wewe. Nakuomba kama dada. Wamtafute mwingine.

Mchezo wenu wa kamba usiuache hata siku moja. Ufanyeni mkiwa peke yenu.

Ngendo


Ruiru,
21 Machi 1954

Dada,

Samahani kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uliumia kwa jembe. Ni kidogo tu. Huku ni salama. Kahawa inapaliliwa. Sajini amekua sana.

Msalimie shemeji.

Simeon


Thika,
4 Aprili 1954

Simeon,

Hii inakuja kwa mkono wa Opiyo, si kwa posta. Isome, uitie motoni.

Jembe gani linaloacha meno? Opiyo ameniambia. Ulivaa magunia. Na ameniambia habari za Wamboi, yule mama mjane, alivyoinua mkono kufuta jasho na Sajini akamtoa nusu ya uso mbele ya watoto wake. Kwamba Absalom alikuwa anavuta mnyororo na mbwa hasikii, na wewe ulikuwa umelazwa laini na mkono wako, mpaka ukasikia mayowe ukatoka ukasema lile neno. Kwamba Bwana alimpa Wamboi blanketi. Ulitaka kuniambia lini? Ama nikikutana naye sokoni na kitambaa usoni, nimuulize habari za nyumbani?

Nimekasirika, na nina haki. Lakini na mimi nimekuficha.

Niliandika Philip yuko. Hakuwepo. Mwezi wa pili gadi walimchukua dukani. Walitaka ataje majina ya waliokula kiapo. Walimweka kwenye pipa la maji na kulipiga pipa kwa nyundo mpaka masikio yakatoka damu. Hakutaja mtu, mimi sijui kama alikuwa na majina ya kutaja, na sikumuuliza. Walipokuwa wakimpeleka kwingine aliruka kutoka kwenye lori karibu na Murera akatoroka. Tangu hapo nasikia tu yuko hapa, yuko pale. Kipande chake cha kitambulisho wanacho wao.

Huyo mtu anakujua wewe peke yako upande huo. Akija, mpe chakula umwonyeshe njia ya mto. Sikuombi zaidi. Na kama ukiona haiwezekani, sitakulaumu. Hapana, nimesema uongo, nitakulaumu. Mpe chakula.

Ngendo


Ruiru,
30 Mei 1954

Dada yangu,

Opiyo atakupa hii. Kaa chini kabla hujasoma. Sijui kama shemeji amekufikia. Kama amekufikia unajua nusu ya haya. Kama hajakufikia, basi nisamehe kwa namna ninavyoyaandika, maana sijui namna nyingine.

Alikuja Jumanne mchana kweupe, wakati watu wanachuma. Nadhani njaa ilimzidi. Alipanda kutoka mtoni akaingia katikati ya miti, akajifunga gunia kiunoni kama wachumaji. Alikuwa amekonda, ndevu zimeshuka, lakini nilimjua kwa mwendo. Nilikuwa upande wa juu na ndoo ya maji. Tukaangaliana. Nikaweka ndoo chini. Wakati huo nyapara akapaza sauti, "Wewe! Kipande chako kiko wapi?"

Philip akakimbia. Angetulia, pengine ningesema ni mtu wangu. Alikimbia.

Bwana Merrick alikuwa kwenye farasi barabarani na Absalom alikuwa na Sajini. Nilisikia Bwana akisema, "Mwachie." Dada, umeona mbwa mkubwa akikimbia kwa nguvu zake zote? Hakubweka. Alipita kati ya miti kama mtu anayejua nyumba yake. Philip alianguka mara moja tu na mkono wake ulikuwa ndani ya mdomo, hapa chini ya kiwiko, na Sajini akawa anatikisa kichwa kama tulivyokuwa tukitikisa kamba. Nilisikia mfupa. Philip hakulia. Alikuwa anasema maneno madogo madogo, sijui ni sala.

Nilifika mbele ya wengine. Nikasema "Acha." Mara moja, kwa sauti ya chini, kama baba.

Akaachia. Akakaa. Uso wote damu, ananiangalia, anangoja.

Bwana akawa amefika na kushuka. Aliniuliza, "Nani amekuambia umwite?" Nikasema, "Bwana, mtu akifa hatasema kitu." Akanipiga kwa kitako cha bunduki hapa juu ya sikio, nikaanguka. Bunduki ikamtoka mkononi, hakuiokota. Alivuta kiboko kiunoni. Alitaka kunipiga mimi kwanza, kisha mbwa, nadhani, maana alikuwa anatutukana wote wawili kwa pamoja. Akainua mkono.

Unajua kilichofuata. Wewe ndiye uliyeniambia. Sajini alifundishwa mkono ulioinuliwa. Hakuna aliyemfundisha rangi ya mkono.

Alimrukia akamwangusha chini, akashika mkono wa kiboko mpaka vidole vikafunguka vyenyewe. Kisha akaacha mkono akapanda juu. Bwana aliingiza mkono wa pili katikati ya meno na koo lake. Alipiga kelele kama wale ng'ombe wa jirani. Wachumaji walisimama na vikapu vyao. Hakuna aliyesogea. Wamboi alikuwepo, na kitambaa chake usoni, na yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Alikaa chini, akakunja mikono.

Na mimi nilikuwa na neno mdomoni.

Nilitazama nyuma. Philip alikuwa ameinuka, ameshika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto, anakwenda kuelekea mto, anaanguka, anainuka. Absalom alikuwa ameokota ile bunduki ya Bwana na anazunguka, hana pa kupiga, mbwa na Bwana wamekuwa kitu kimoja. Akanipigia kelele, "Mwite! Mwite mbwa!"

Nikatazama mto. Nilikaa kimya, dada. Sauti ilikuwepo. Nilikaa kimya mpaka nilipoona mafunjo ya ng'ambo yakifunga nyuma ya shemeji. Ndipo nikasema.

Sajini akaachia pale pale. Akarudi nyuma, akakaa, akaniangalia usoni kama kila siku, mkia ukipiga vumbi. Absalom akampiga risasi akiwa amekaa. Ya kwanza haikummaliza. Alikuja kwangu akitambaa, akaweka kichwa kwenye mguu wangu, na ya pili ilipita karibu na goti langu.

Jioni Absalom alinikuta naosha damu bombani. Akasema, "Ulichelewa."

Nikasema, "Kichwa kilikuwa kinazunguka. Nilikuwa nimepigwa."

Akasema, "Nilikuona. Ulikuwa unatazama mto." Akawasha sigara yake. "Nikisema ulichelewa, wataniuliza nani alimfundisha kurukia mkono. Kwa hivyo hukuchelewa. Na ukiulizwa, mimi nilimfundisha vizuri."

Basi hivyo ndivyo ilivyoandikwa polisi. Bwana yuko hospitali Nairobi, ameshonwa mikono yote miwili, na ametuma neno kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Memsaab alinishika mkono, huu mbovu, akalia. Wanasema Bwana akipona ataagiza mtoto mwingine wa mbwa, na nitapewa mimi. Nimeomba kurudi kwenye jembe. Hawajanijibu.

Nina aibu moja, nikuambie wewe tu. Mtu wetu amekwenda na mkono uliovunjika, Wamboi hana uso, watu wawili wa laini hawajarudi, na mimi nikilala ninamlilia mbwa. Nimemzika nyuma ya jiko. Machozi yanatoka kama maji ya mfereji na sina namna ya kuyafunga. Mtu ana haki gani ya kumlilia mbwa katika nchi kama hii?

Niambie kama Philip amefika.

Simeon


Gatuanyaga,
22 Agosti 1954

Simeon,

Hii pia inakuja kwa mkono wa Opiyo. Utaona siko Thika tena. Bwana Himatlal alisema nisiondoke, Mama Sarla alilia, lakini nilikuwa na kazi huku, na baadaye serikali ikatuhamisha wote katika kijiji hiki kipya chenye handaki na miiba. Nyumba yangu inatazama geti. Mama mkwe wangu yuko nami, haoni vizuri lakini anasikia kila kitu. Vumbi ni kama lile la utoto wetu. Nilipata barua yako ya Mei, na ile ya Julai ya kuuliza mbona nimenyamaza. Nimefurahi kwamba umerudi kwenye jembe.

Alifika. Opiyo alimkuta kwenye mfereji wa barabara akamlaza chini ya magunia ya kahawa, akapita naye vizuizi vyote vya njiani mpaka huku kwa mama yake, akiimba nyimbo za kwao kwa sauti kubwa ili mtu asimsikie akigumia. Mungu amlinde Opiyo.

Mkono ulikuwa umevimba kama paja. Hospitali hatungeweza, meno ya mbwa yangetuuliza maswali. Niliuosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Nilipomuaga Mama Sarla alinipa unga wa dawa ndani ya karatasi na hakuuliza ni wa nani. Ukaanza kupona, Simeon. Uvimbe ulishuka, akala uji, akanitania kuhusu mapishi yangu ya Kihindi. Aliniuliza ni nani aliyemwita mbwa. Nikamwambia ni wewe. Akasema, "Yule kijana wa vitabu?" akacheka mpaka akashika ubavu.

Halafu asubuhi moja alishindwa kufungua mdomo. Nikadhani ni jino. Jioni taya zilikuwa zimefunga, hata kijiko hakikupita. Kisha mgongo ukaanza kujikunja, akawa anasimama kwa kichwa na visigino juu ya mkeka, na kila mlango ukigongwa au mtoto akilia nje unamvunja upya. Akili yake ilikuwepo mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa yakinifuata. Mama yake alimshika miguu, mimi kichwa. Sitaandika zaidi ya hapo.

Umeniuliza mambo mawili na nitayajibu yote.

La kwanza hukuliuliza kwa kalamu, lakini nimelisoma. Meno yalikuwa ya mbwa wako, na mimi ndiye niliyekutumia kamba ya kumkuzia. Kuna siku ninakuchukia kutoka asubuhi, nikisaga unga ninakusaga wewe. Halafu nakumbuka kwamba ulitazama mto, ukanyamaza, na kwa ajili ya kunyamaza kwako mume wangu alikufia nyumbani kwa mama yake, mkononi mwangu, badala ya kulazwa kando ya barabara nipite polepole. Mambo haya mawili yako ndani yangu na hayazungumzi. Usije sasa. Nitakuambia siku ya kuja.

La pili. Tulimzika mchana, watu wakiwa wametolewa kwenda kuchimba handaki, mimi na mama yake tu, nyuma ya nyumba kama mtu anayechimba shimo la takataka. Hatukuimba. Hatukulia pia, maana hapa anayelia anaulizwa na gadi analilia nani, na jibu letu halisemeki. Mama yake alitia nguo mdomoni. Mpaka leo hajalia. Na mimi sijalia.

Kwa hivyo usiniulize habari za haki. Huko kwenu kila mtu anajua umefiwa na mbwa. Wewe peke yako katika nyumba yetu ndiye mwenye ruhusa ya kulia hadharani. Basi lia, Simeon. Usiyafunge. Lia kwa sauti, ulie sana, ulie mpaka laini nzima isikie, na mtu akikuuliza, mwambie ni mbwa.

Dada yako,
Ngendo